Magasini yaliyofungwa na watu wasio na makao



Leo tuzungumze juu ya magasini ya zamani yaliyofungwa. Mji wetu ulikua kwa sababu ya reli. Mwaka 1928 njia ya kutoka Lubumbashi ilifika Ilebo, na mwaka 1956 tawi la kwenda Kabalo likamalizika. Wafanya biashara wakaifuata reli. Kisha, tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa Wazairi. Wengi waliopewa waliuza bidhaa zilizokuwemo, wasilete nyingine. Uporaji wa miaka 1991 na 1993 ukaongeza hasara nchini, na treni zikapungua. Ndivyo nyumba za biashara zilivyobaki bila mtu wa kuziba bati.

Sasa mtu aliyekimbia vita akiona nyumba tupu, husema: "Mungu amenifungulia mlango." Mtoto wa mwenye nyumba akimwona, husema: "Wamekuja kutunyang'anya." Wote wawili wana hofu. Tukinyamaza, hofu hiyo itashika panga. Sisi watu wa reli tunajua. Miaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa Likasi na Kolwezi walilala kwenye gare wakingoja treni, na wengi walikufa. Treni zao zilipita hapa kwetu. Mambo yale yalianza kwa maneno: nyumba hii si yako, kazi hii si yako.

Kwa hiyo nawaomba mambo manne.

Kwanza, mtu asivunje kufuli. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 yasema udongo ni mali ya Leta. Shefu wa kartie hawezi kuuza nyumba ya mtu, wala kulala ndani hakumfanyi mtu kuwa mwenye nyumba.

Pili, mashefu, mtafuteni mwenye nyumba ao jamaa yake. Keteni pamoja na waliohama, muandike mapatano: miezi mingapi, nani atatengeneza nini, siku gani watatoka. Kila upande ushike karatasi yake, na moja ibaki kwenye ofisi ya kartie.

Tatu, fundi aangalie kwanza. Pale ukuta umepasuka ao mbao zimeliwa na mchwa, watoto wasilale.

Nne, chumba kimoja kiwe cha kikundi. Mama anayeota bunduki kila usiku hahitaji unga peke yake. Aketi na mama wa Kamina, washone, wafanye likelemba. Akitaka kusema yaliyompata, aseme. Akitaka kunyamaza, asilazimishwe. Na yaliyosemwa humo yasitembee sokoni. Mtu ambaye halali wala hali kwa majuma, mpelekeni kituo cha afya, msimwite mchawi.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye nyumba anahitaji mikono ya kuifagia. Mgeni anahitaji paa. Kesho asubuhi, kila shefu apite kartie yake na kuuliza mbele ya kila mlango uliofungwa: nani mwenyewe, na nani analala humo? Tuanze hapo.

 Amani ikae katika nyumba zenu.