Nyumba ya Mgonjwa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa Chama)





Halmashauri imenitaka niseme maneno machache juu ya zahanati ambayo Chama chetu kinakusudia kuijenga, nayo ramani yake mmekwisha kuiona imetundikwa ukutani pale madrasani. Mimi si mhandisi wala si tabibu. Elimu yangu ni ya madrasa na ya shule ya msingi. Walakini kazi ya kuwazuru wagonjwa imeniingiza katika hospitali nyingi za mji huu wa Kigali na za mikoani, na mtu akaaye kitako kando ya kitanda saa nyingi huona mambo ambayo aliyelichora jumba lile hakupata kuyaona. Mgonjwa hulala chali. Kwake yeye hospitali ni dari. Mlango mzuri na ubao wenye majina ya wafadhili ni vya sisi tuingiao kwa miguu.

Basi nataka kuwauliza swali moja: nani aliyeulizwa kabla ya ramani ile kuchorwa?

Msidhani kwamba swali hili ni la mapambo. Katika miaka ya 2005 na 2006, huko Tugela Ferry, katika jimbo la KwaZulu-Natal nchini Afrika ya Kusini, walionekana wagonjwa 53 wenye kifua kikuu cha namna isiyosikia karibu dawa zote. Katika hao 53 walikufa 52. Wengi wao walikuwa na virusi vya Ukimwi, na miili yao haikuwa na nguvu ya kujikinga. Waganga walipochungua waliona kwamba wengine waliupata ugonjwa ule mumo humo hospitalini, kwa kuvuta hewa iliyotoka vifuani mwa wenzao. Fikirini, ndugu zangu. Mtu ametoka kwake kwa ugonjwa mmoja, akaketi mahali pasipo hewa pamoja na wakohoao, akapewa ugonjwa wa pili, nao ndio uliomwua.

Sasa natoka huko narudi hapa kwetu Rwanda. Wilaya ya Burera, kaskazini, mpakani na Uganda, ilikuwa na watu zaidi ya laki tatu, na hata mwaka 2007 haikuwa na hospitali ya wilaya. Mwishoni mwa mwaka 2006 marehemu Daktari Paul Farmer alitoa hotuba huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Harvard. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa kijana mmoja, Michael Murphy, mwanafunzi wa elimu ya kuchora majumba. Baada ya hotuba alimwendea Daktari akamwuliza ni wachora ramani gani wanaomsaidia kujenga zahanati za maskini. Jibu likawa kwamba hakuna. Kijana yule akafunga safari akaja Rwanda, akakaa. Yeye na mwenzake Alan Ricks, hali wangali wanafunzi, wakaunda jamaa yao ya kazi iitwayo MASS Design Group, na pamoja na Wizara ya Afya na shirika la Partners In Health wakaijenga hospitali ya Butaro, iliyofunguliwa mwezi wa Januari mwaka 2011 ikiwa na vitanda 140.

Kwa nini naisifu hospitali hii mbele yenu? Kwa sababu waliichora wakiifikiria pumzi ya mgonjwa. Hapana ujia mrefu wa ndani ambamo watu hujazana wakingoja zamu. Watu hupita na kungoja nje, chini ya paa, penye upepo. Madirisha yako juu na chini, hewa nzito ya joto ipande itoke na nyingine iingie, na pangaboi kubwa huisukuma taratibu. Walikusudia hewa yote ya wodi ibadilike mara 12 katika kila saa. Juu karibu na dari ziko taa za miali isiyoonekana, iuayo vijidudu vipandavyo na hewa. Na vitanda, badala ya kupangwa migongo ukutani ili wagonjwa watazamane katika maumivu yao, vimepangwa katikati ya chumba, kila mgonjwa akabili dirisha lake na vilima vya Burera.

Labda mmoja wenu atasema kwamba dirisha halitibu. Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Roger Ulrich, alitangaza uchunguzi wake juu ya wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao walikuwa wamelazwa penye dirisha litazamalo miti, na nusu penye dirisha litazamalo ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka hospitalini mapema kidogo kuliko wenzao, na dawa kali za kutuliza maumivu walizohitaji zilikuwa chache zaidi. Hospitali ilikuwa moja na ugonjwa ulikuwa mmoja.

Kuna na jambo jingine la Butaro ambalo wenye fedha hulipita upesi. Mlima ulichimbwa kwa mikono, na watu karibu 4,000 wa upande ule wakapata kazi. Kuta zilijengwa kwa mawe meusi ya volkeno ya Virunga, mawe ambayo mkulima huyaona ni adha shambani mwake. Waashi, wanaume kwa wanawake, walijifunza kuyachonga na kuyapanga hata ukuta ukawa kama uliofumwa. Mtu aliyelitia jiwe kwa mkono wake haoni haya kumpeleka mamaye kutibiwa mle ndani. Na elimu ile haikurudi Marekani: mwaka 2016 ulianzishwa hapa Kigali mpango wa kuwafundisha vijana wa Afrika kuchora na kujenga kwa njia hiyohiyo.

Wala si ujenzi mpya tu. Yuko Doug Dietz, aliyekuwa mtu wa kampuni ya General Electric akibuni zile mashine za MRI zipigazo picha za ndani ya mwili. Siku moja alikwenda hospitalini kuitazama mashine yake ikifanya kazi, akamwona mtoto mdogo wa kike anakuja ameshikwa mkono na wazazi wake, analia kwa hofu ya tundu lile jeusi na kishindo chake. Akaambiwa kwamba watoto wengi hawawezi kutulia, hata hulazimika kupewa dawa ya usingizi. Mtu mzima yule akaenda kuketi darasani tena, katika Chuo Kikuu cha Stanford, kujifunza namna ya kuanza na mtu kabla ya chombo. Kisha akakaa na watoto na wale wajuao mambo ya watoto. Mashine yenyewe hakuibadilisha ndani. Aliipaka rangi, na chumba chake pia, ikawa merikebu ya maharamia katika hospitali ya watoto ya Pittsburgh, na mtumishi akawa na hadithi ya kumsimulia mtoto: lala kimya, usionekane. Waliohitaji dawa ya usingizi wakapungua sana. Mtoto aliulizwa kwa macho, kwa kuwa hakuweza kusema.

Nasi Waislamu tusistaajabu kana kwamba mambo haya ni mageni. Al-Mansur Qalawun, kabla ya kuwa Sultani wa Misri, aliugua huko Sham, akatibiwa kwa dawa zilizotoka katika hospitali ya Nuruddin mjini Damascus. Akaweka nadhiri, na mwaka 1284 akaanza kujenga hospitali yake mjini Cairo, yenye maji yapitayo, sehemu ya wanaume na sehemu ya wanawake, na wodi mbalimbali za wenye homa, wenye macho na wenye kupasuliwa. Na huko Edirne, katika nchi ya Uturuki, hospitali ya Sultani Bayezid wa Pili ya mwaka 1488 ilikuwa na chemchemi katikati ya ukumbi, chini ya kuba, wagonjwa wa akili wasikie mchiriziko wa maji. Katika hao wawili mimi nampenda zaidi Qalawun, kwa kuwa aliyeagiza jengo lake alikuwa amekwisha kulala kitandani.

Turudi kwenye ramani yetu. Naona chumba cha kungojea kimewekwa katikati ya jengo, nacho hakina dirisha. Chumba hicho kivunjwe wakati kingali wino, maana kikiwa matofali hatutakuwa na fedha za kukivunja. Watu wangoje barazani. Naona kadhalika ofisi mbili upande wa bustani, na chumba cha wazazi upande wa ukuta wa jirani; karani aweza kuandika akitazama ukuta. Tena sikuona mahali pa umurwaza. Nyote mwajua kwamba katika hospitali zetu mgonjwa hulishwa, huoshwa na kugeuzwa na jamaa yake. Huyo hulala juu ya mkeka chini ya kitanda, hupika uani, hutafuta maji ya udhu na mahali penye stara pa kubadilishia nguo. Tumempa daktari chumba, tumempa mlinzi chumba, na huyu hatukumpa hata bomba la maji.

Mchora ramani wetu ni kijana mwema, na ameniambia kwamba yu tayari kubadili mistari yake akiletewa maneno ya hakika. Nimekubaliana na Katibu kwamba ramani itabaki madrasani mwezi mzima, na fedha za msingi zisiguswe hata mwezi uishe. Jumapili ijayo baada ya sala ya adhuhuri wanatakiwa kuja akina mama wa Biryogo na Nyamirambo waliopata kuuguza wagonjwa hospitalini, wao kwanza, kisha wanaume. Kijana atakuwapo na kalamu ya risasi na kifutio.

Wassalaam alaykum.