Ilianza Lini?

Wasikilizaji wa Manyoni, Iramba, Ikungi, Mkalama na Singida mjini, nisikilizeni. Mama unayekoka moto, na wewe kijana unayepakia vitunguu, ongezeni sauti.

Mgonjwa analetwa amebebwa mgongoni, miguu imelegea. Daktari anauliza: ilianza lini? Ndugu wanatazamana. "Siku nyingi kidogo." Nyingi kidogo ndiyo ngapi, jamani?

Kuna ugonjwa uitwao Guillain-Barré. Ni wa nadra, mtu mmoja au wawili katika kila 100,000 kwa mwaka. Msiseme ni wa Wazungu. Madaktari wa hospitali ya KCMC, Moshi, wameuchunguza miaka mingi. Kinga ya mwili, ikishapigana na vijidudu, hugeukia neva zako mwenyewe. Ganzi na udhaifu huanzia miguuni, hupanda, na ukifika kifuani pumzi inakata.

Ili ajue nani atahitaji mashine ya kupumulia, daktari huhesabu alama: siku tangu udhaifu uanze, uso au koo kulegea, nguvu za viungo. Aliyefikishwa hospitali ndani ya siku 3 tangu aanze kulegea ndiye wa kuogopewa zaidi. Sasa wewe, kwa aibu, unasema "wiki mbili", mgonjwa anahesabiwa kuwa hana hatari kubwa, na usiku anakabwa!

Wengine wanaficha kwamba mgonjwa aliharisha. Kuharisha na umri mkubwa ni dalili kwamba kutembea tena kutachelewa. Na kuku wetu wa kienyeji, tunaojivunia hadi Dar, akiwa na damu mfupani anaweza kukupa bakteria wanaoleta balaa hili. Mrudishe jikoni.

Lakini kinachoniudhi ni siku zinazopotea. Mnachanja chale, mnakanda kwa mafuta ya alizeti, mnanunua predinisoloni dukani, dawa isiyosaidia hapa hata chembe. Tiba ni kusafisha plazma au dripu ya kingamwili, na dripu hiyo hufaa ikianza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Ni ghali, inaweza kuwalazimu kwenda Dodoma au Dar. Na msimbane daktari aongeze dozi ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa kuonyesha nafuu: utafiti uliotolewa mwaka 2021 haukuona faida yake, ila damu kuganda kwa wengi zaidi.

Mtoto chini ya miaka 15 akilegea ghafla, toeni taarifa kituo cha afya siku hiyohiyo. Wahudumu watachukua choo chake mara mbili kupima polio, maana nayo hulegeza viungo. Msikimwage.