Tuzo Mkononi, Mfuko Mtupu

Mlinzi aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akishinda, tunampongeza na kumwacha. Lakini tuzo si fedha. Mwajiri asipolipa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mlinzi kuomba Mahakama Kuu ikaze tuzo hiyo, hata mali ya mwajiri ikamatwe na kuuzwa. Wengi hukata tamaa hapo kwa kukosa nauli na mtu wa kuwaandikia maombi. Hapo ndipo tuwashike mkono. Tena tuanze nyumbani: je, mlinzi na mpishi wa parokia yetu wana mikataba ya maandishi?