Ulaghai wa Barua Pepe na Usalama wa Taarifa za Wanaobeti: Mada kwa Vijana wa Jericho



Tukizungumzia kubeti hapa Eastlands, Nairobi, huwa tunahesabu pesa zilizoliwa. Leo nazungumzia taarifa ambazo mchezaji anaziacha huko mtandaoni. Hoja yangu ni hii: tapeli hutegemea mambo mawili ya anayebeti, hamu ya ushindi na aibu ya kupoteza.

1. Kwa nini anayebeti hulengwa

Jumamosi jioni, ligi za Ulaya zikichezwa, aliyeweka mkeka wa ubashiri anangoja habari. Barua pepe ya "umeshinda" au "akaunti yako imefungwa" ikiingia saa hiyo haimshtui. Tena namba yake ya simu ndiyo anayoingilia kwenye akaunti ya kubeti, na ndiyo yenye M-Pesa yake. Tapeli akiipata pamoja na namba ya kitambulisho, anaweza kujaribu kuihamishia kwenye laini yake.

Mwaka 2019 kesi ilifikishwa Mahakama Kuu, Nairobi, ikidai kwamba taarifa za wateja milioni 11.5 wa kampuni ya simu, zikiwamo rekodi za kubeti, zilivuja. Hata kama ni dai tu, linatuonyesha ni mambo mangapi yanayokusanyika nyuma ya namba moja.

2. Dalili za ulaghai

Ya kwanza ni kutakiwa ulipe "ushuru wa KRA", yaani wa mamlaka ya mapato, ndipo upewe ushindi. Ushuru wa kamari hukatwa na kampuni yenyewe; mshindi hatumi pesa kwa namba ya mtu. Ya pili ni kuuziwa "mechi za uhakika". Ya tatu ni kiungo kinachofanana na cha kampuni, ila herufi moja imebadilishwa.

3. Sheria inasemaje

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua kampuni ina taarifa gani zako, na kudai zisahihishwe au zifutwe. Zikivuja na kukuweka hatarini, kampuni inapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

4. Mapendekezo

- Usibeti kwa barua pepe unayotumia kuombea kazi, wala usirudie nenosiri.
- Usibonyeze kiungo ulichotumiwa. Andika anwani ya kampuni mwenyewe.
- PIN na namba za uthibitisho usimpe yeyote.
- Wateja wa Safaricom wapige *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao, na watume jumbe za ulaghai kwa 333.

Wengi waliotapeliwa hunyamaza kwa kuwa nyumbani hawajui kama wanabeti. Mficha uchi hazai. Kila saa ya kunyamaza ni nafasi kwa tapeli kumaliza kilichobaki. Kwa hiyo naomba tukubaliane: kijana akija kusema ametapeliwa, tumsaidie kwanza kufunga laini, kubadilisha nenosiri na kupiga ripoti polisi. Mawaidha ya kubeti yatafuata baadaye.