Laini Mbili, Njia Moja

Leo nina neno na kila mtu wa Manispaa ya Kahama, wa Msalala na wa Ushetu ambaye kazi yake husimama mtandao ukikata: mwenye steshenari anayewajazia wanafunzi fomu za mkopo, zahanati inayohakiki kadi za bima, mnunuzi wa dhahabu anayesubiri kontro namba ili alipe mrabaha. Wengi wenu mmeshaweka laini ya pili ya intaneti, na mmefanya jema. Ninachoomba ni muitazame upya, maana laini ya pili inayopita njia ileile ya laini ya kwanza haitakufaa siku ya shida.

Mnakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili za baharini, Seacom iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010, zilikatika siku moja, upande wa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kaskazini nako hakukuwa na nafuu, kwa kuwa Seacom ilishakatika katika Bahari ya Shamu tangu Februari mwaka huo. Intaneti ikazorota nchi nzima, hata Ubalozi wa Marekani pale Dar es Salaam ukafunga huduma kwa umma tarehe 14 na 15, isipokuwa za dharura. Kampuni mbili, nyaya mbili, lakini zimelazwa eneo moja la bahari.

Hitilafu ya baharini hatuna la kuifanya tukiwa Kahama, na kwa bahati ni ya nadra. Zinazotutesa ziko karibu: katapila la barabara limefukua faiba, umeme umekatika, bando limeisha usiku na hakuna aliyejua. Hizi tunaziweza. Mtu ana faiba, anaongeza modemu ya laini ya simu, halafu modemu, ruta na kiboksi cha faiba vyote anavichomeka kwenye ekstensheni moja isiyo na betri. Umeme ukienda, vimezima vyote. Mwingine anatumia laini mbili za kampuni mbili za simu, moyo umetulia, asijue kwamba kampuni zetu hupanga kwenye minara ya pamoja. Helios Towers, kwa mfano, ilinunua minara ya Tigo, ambayo leo ni Yas, na ya Vodacom, na mnara mmoja hubeba antena za zaidi ya kampuni moja. Betri za mnara huo zikiisha, laini zako zote mbili zinanyamaza. Kwa hiyo kabla hujanunua, muulize fundi swali moja: hii ya pili inapita wapi? Kama ya kwanza ni faiba, ya pili iwe ya hewani. Kama zote ni za hewani, fundi apime zinakamata minara gani, achague iliyo tofauti.

Sasa tuje kwenye ruta yenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Fundi huipa kila njia namba ya kipaumbele: faiba 1, modemu 2, na iliyo ndogo ndiyo hutangulia. Mafundi wengi huishia hapo. Ruta ikipangwa hivyo tu, inaweza kubaki kwenye faiba ilhali faiba imekufa. Kitazame kile kiboksi cheupe ukutani. Uzi wa faiba ukikatika mtaani kwenu Nyasubi au Nyihogo, taa iliyoandikwa LOS huwaka nyekundu, lakini waya mfupi unaotoka kwenye kiboksi kwenda kwenye ruta bado mzima, na ruta inaweza kuhesabu kwamba mambo ni shwari. Uzi ukikatika mbali, njia ya Shinyanga au Tabora, hata hiyo nyekundu hutaiona. Taa zote kijani, foleni mlangoni, kompyuta inazungusha kiduara tu.

Dawa yake ni kuiagiza ruta ipige hodi mbali, si kwa jirani. Kila baada ya sekunde chache itume ujumbe mdogo kupitia faiba kwenda anwani mbili za mbali, mathalani 8.8.8.8 ya Google na 1.1.1.1 ya Cloudflare. Zisipojibu zote mbili, mara tatu mfululizo, ihamie kwenye modemu. Nasisitiza mbili, kwa sababu moja inaweza kuwa na hitilafu yake na ukahamishwa bure. Faiba ikirudi, ruta isikimbilie kurudi. Isubiri dakika moja au mbili mpaka itulie, la sivyo mtashinda mkihama kwenda na kurudi. Kazi hii ruta nyingi za ofisi zinaiweza, MikroTik ikiwemo. Inataka tu fundi anayejua, na uvumilivu wa kumlipa vizuri.

Mengine ni ya haraka. Kwenye laini ya akiba fungieni video na masasisho ya kompyuta, bando lisiishe kabla ya adhuhuri. Na njia inapobadilika, muamala uliokuwa katikati huweza kukatika. Usibonyeze tena kulipa kabla hujahakiki kama wa kwanza umepita. Mwambie hivyo na kijana wako wa kaunta.

Mwenye ofisi, chagua saa isiyo na wateja wiki hii, ukae na fundi. Mwambie achomoe uzi wa faiba kwenye kiboksi, si waya wa ruta, halafu mhesabu sekunde mpaka kompyuta irudi hewani. Kisha mzime swichi kubwa ya umeme, mhesabu tena. Dakika ikipita kimya, kazi haijaisha: fundi asiondoke.