Maneno ya Mahakamani Ambayo Kila Mtu Anadhani Anayajua: Mada kwa Wasaidizi wa Kisheria



Nimeombwa nizungumzie istilahi za msingi zinazotumika katika mashauri ya jinai na ya madai. Sitawasomea kamusi. Nitafuata njia anayopita mwananchi tangu anapokamatwa au kupokea wito hadi siku ya rufaa, na nitakaa zaidi kwenye maneno tunayoyasikia kila siku. Mtu akikutana na neno geni huuliza. Akikutana na neno alilolizoea haulizi, na hapo ndipo wengi wanapopoteza haki zao. Ninazungumzia Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina mahakama zake na sheria zake za mwenendo.

Shauri la jinai ni la Jamhuri dhidi ya mtu anayetuhumiwa kutenda kosa lililotajwa katika sheria, na likithibitika mwisho wake ni adhabu. Shauri la madai ni la mtu na mwenzake, au mtu na kampuni, au mtu na Serikali, kuhusu deni, mkataba, mirathi, ndoa au fidia, na mwisho wake ni nafuu anayopewa aliyedai. Katika madai wahusika ni mdai na mdaiwa. Katika jinai, mtu aliye mikononi mwa polisi ni mtuhumiwa, na akishasomewa mashtaka anakuwa mshtakiwa. Akinyimwa au akikosa dhamana anapelekwa rumande akiwa mahabusu. Mahabusu si mfungwa. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia, na ninawaomba mlitamke jambo hilo waziwazi kwa familia na kwa viongozi wa mitaa kila mnapopata nafasi.

Mgawanyo huu wa jinai na madai ndio chanzo cha safari nyingi za bure. Mama amekopesha mwenzake wa kikoba, deni halilipwi, anakwenda polisi. Mkopeshaji wa mikopo ya kausha damu naye humtishia mkopaji kwa askari. Kushindwa kulipa deni ni jambo la madai, na kituo cha polisi si mahali pa kukusanyia madeni. Inakuwa jinai pale palipokuwa na uongo tangu mwanzo: mtu ametoa maelezo anayojua si ya kweli ili apewe fedha, na hapo hati ya mashtaka itasema amejipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Swali la kumuuliza mteja wenu ni hili: alidanganywa wakati anatoa fedha, au aliahidiwa na ahadi haikutimizwa? Jibu lake litawaonyesha mlango wa kumpeleka. Tukio moja linaweza pia kufungua milango yote miwili. Dereva aliyegonga mtembea kwa miguu anaweza kushtakiwa kwa kuendesha gari kwa uzembe, na aliyeumia akafungua shauri la madai kutafuta fidia.

Katika jinai, aliyeibiwa au kupigwa si mwenye kesi. Ni shahidi, hata kama ni shahidi mkubwa kuliko wote. Ndiyo maana jalada husomeka “Jamhuri dhidi ya” fulani. Ndugu wakikaa wakapatana, mlalamikaji akatangaza kwamba amefuta kesi, kesi haijafutika. Mwenye mamlaka ya kuiondoa kwa niaba ya Jamhuri ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Mahakama ya Mwanzo ina utaratibu wake: huko kwa kawaida mlalamikaji mwenyewe ndiye anayesimama na kuleta mashahidi, na anaweza kuomba kuliondoa lalamiko kwa idhini ya hakimu.

Sasa nije kwenye neno linalowachosha wananchi kuliko yote, kutajwa. Kesi inayotajwa haisikilizwi siku hiyo. Mahakama inaangalia imefikia wapi, mwendesha mashtaka anaeleza kwamba upelelezi haujakamilika, na tarehe nyingine inapangwa. Kusikilizwa ni siku ya mashahidi. Nimeona watu wakiwasafirisha mashahidi kutoka vijijini kwa nauli ya kukopa, wakafika siku ya kutajwa, kisha siku ya kusikilizwa hawakuwa tena na nauli. Muulizeni karani wa mahakama: tarehe hii ni ya nini? Hata hivyo, mshtakiwa aliye nje kwa dhamana lazima afike siku zote mbili, kwani asipotokea inaweza kutolewa hati ya kumkamata.

Kuhusu mauaji, mshtakiwa hufikishwa kwanza kwa hakimu na kuambiwa kwamba hatakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Familia nyingi huelewa kwamba ndugu yao amenyimwa haki ya kujitetea. Mwenye mamlaka hapo ni Mahakama Kuu, na nafasi ya kujibu itakuja huko.

Dhamana nayo ina mambo mawili yanayochanganywa. La kwanza, kupewa dhamana hakulipiwi, polisi wala mahakamani. La pili, mtu akisikia kwamba dhamana ni “bondi ya shilingi milioni tano” huanza kuuza mbuzi na mabati. Kwa kawaida bondi inasainiwa, hailipwi. Mdhamini anajifunga kwamba mshtakiwa akitoroka, kiasi hicho kitadaiwa kwake. Anachohitaji siku hiyo ni kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa au kijiji, na yale mengine yaliyotajwa na hakimu. Lakini pale kosa linapohusu fedha au mali ya zaidi ya shilingi milioni kumi, sheria inataka mshtakiwa aweke nusu ya thamani hiyo kwa fedha taslimu, au aweke hati ya mali isiyohamishika. Na yako makosa yasiyo na dhamana kabisa, yakiwemo mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha. Wapo wanaoamini, nami nikiwemo, kwamba orodha hiyo ni ndefu kupita kiasi, lakini ndiyo sheria ilivyo leo, na kumdanganya mteja kwamba mtamtoa ni kumwongezea machungu.

Upande wa mashtaka ukimaliza mashahidi wake, mahakama huamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Akionekana anayo, ndugu huangua kilio kana kwamba amekwisha kutiwa hatiani. Maana yake ni kwamba ushahidi uliotolewa unatosha kumtaka ajitetee, na anaweza kujitetea akashinda. Katika jinai mashtaka yanapaswa kuthibitishwa pasipo kuacha shaka ya maana, na mzigo huo ni wa Jamhuri mwanzo hadi mwisho. Katika madai mahakama huangalia ushahidi wa upande upi una uzito zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kushinda kesi ya jinai na bado akaamriwa kulipa fidia kwa tukio lilelile katika shauri la madai.

Magazeti huandika “waachiwa huru” kwa mambo mawili yaliyo mbali sana. Mahakama ikipima ushahidi ikaona mshtakiwa hana hatia, au hana kesi ya kujibu, anaachiwa huru kwelikweli na hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilohilo, ingawa upande wa mashtaka unaweza kukata rufaa. Lakini Mkurugenzi wa Mashtaka akiondoa mashtaka kabla ya hukumu, mshtakiwa anatoka bila kuhukumiwa, na anaweza kushtakiwa upya. Ndiyo maana tunawaona watu wakikamatwa tena kwenye viwanja vya mahakama, vigelegele havijaisha. Someni amri yenyewe kabla ya kumwambia mtu arudi nyumbani akiwa na amani.

Katika madai, kazi huanza na hati ya madai, ingawa Mahakama ya Mwanzo hupokea hata madai ya mdomo na kuyaandika. Mdaiwa aliyepelekewa hati katika mahakama ya wilaya, ya hakimu mkazi au Mahakama Kuu ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi. Anayeitupa samansi mvunguni kwa hasira atahukumiwa kwa kusikilizwa upande mmoja. Na aliyeshinda asidhani fedha zitamfuata nyumbani. Hukumu inampa tuzo tu, na mdaiwa asipolipa kwa hiari, mshindi lazima arudi mahakamani kuomba kukaza hukumu. Hapo ndipo dalali wa mahakama anapoingia, mali ikakamatwa na kuuzwa. Nawasihi mkae na wateja wenu hapa, kwa sababu wengi huacha karatasi ya ushindi kabatini miaka na miaka.

Rufaa si kesi mpya. Mahakama ya juu husoma kumbukumbu za chini, kwa hiyo shahidi uliyemwacha au kielelezo ulichosahau kwa kawaida hakipokelewi huko. Muda nao hausubiri. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Katika jinai, kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 na sababu za rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Rufaa ya madai kutoka mahakama hizo ni siku 90. Kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa hutolewa ndani ya siku 30. Ombeni nakala ya hukumu kwa barua siku ileile inaposomwa, na mbaki na barua yenye muhuri wa kupokelewa. Muda ukipita, kilichobaki ni maombi ya kuongezewa muda, na huko mwombaji hutakiwa kueleza kila siku aliyochelewa: alikuwa wapi, na nini kilimzuia. Muhuri ule ndio utakaomsaidia kujibu.