Ndovu, Watu na Nafasi: Suala la Idadi Katika Taita Taveta



Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671 katika kaunti hii yenye kilomita za mraba zipatazo 17,000. Gawanya, utapata watu 20 kwa kila kilomita ya mraba, na afisa aliyeketi Nairobi atasema huku ardhi ni tele. Si kweli. Zaidi ya asilimia 60 ya eneo hilo ni mbuga za Tsavo, ambamo hatulimi wala hatujengi. Ukiziondoa, msongamano unapita watu 50, na hapo hujagusa ranchi wala mashamba ya mkonge ya Mwatate.

Ndovu walitufundisha somo hilohilo, kwamba jumla huficha mgawanyo, kwa gharama kubwa. Miaka ya 1960 walikuwa wengi Tsavo hata miti ikawa inaangushwa kila upande. Richard Laws, mwanasayansi Mwingereza aliyejua kukadiria umri wa ndovu kwa magego yake, aliona nyika imezidiwa. Mwaka 1966 ndovu 300 walipigwa risasi kwa uchunguzi. Baadaye akapendekeza wapunguzwe kwa maelfu. David Sheldrick, mkuu wa Tsavo Mashariki, alikataa: nyika ijirekebishe yenyewe. Laws akaondoka. Mvua ikakosekana 1970 na 1971, wakafa ndovu wapatao 6,000.

Hadi leo watu hubishana ni nani kati ya wawili hao aliyekuwa na haki. Mimi ubishi huo umenichosha. Swali lenye faida ni hili: walikufa akina nani? Mtafiti Timothy Corfield alichunguza mataya ya mizoga, na jibu likajitokeza: majike na ndama. Ndama hawezi kwenda mbali na maji, na mama hamwachi. Familia zikabaki karibu na Mto Galana, zikamaliza kila kilicholika, zikafa kwa njaa huku maji yakitiririka. Madume yalikwenda mbali, mengi yakapona. Na jike hubeba mimba miezi 22, kisha hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Pengo kama hilo halizibiki kwa mvua za msimu mmoja. Kabla halijazibika, majangili wakaingia. Kufikia 1988 walikuwa wamebaki takriban 5,400 katika Tsavo nzima.

Kwa ndovu, mahali ndipo palipoamua nani afe; binadamu naye amewahi kuchaguliwa mahali pa kuishi. Mwaka 1915, wakati wa vita na Wajerumani, Waingereza waliwashuku Wakasighau, wakazi wa mlima Kasighau katika kaunti hiihii, kuwa wamemsaidia adui, wakachoma vijiji vyao na kuwahamishia Malindi. Watu wa mlimani wakatupwa penye malaria, na wengi walikufa. Waliosalia walirudi miaka ya 1930.

Hesabu ya 2021 ilipata ndovu 14,964 Tsavo, nasi tukashangilia. Lakini mkulima wa Sagalla, aliyezungushia mahindi yake uzio wa mizinga ya nyuki kuwazuia ndovu, hiyo si hesabu yake. Anayevamia shamba usiku mara nyingi ni dume, yuleyule mwenye miguu ya kwenda mbali nyika inapokauka. Mkulima anataka kujua madume mangapi yako upande wake wa reli inayopita Tsavo, na yatapita wapi mvua za Novemba zikichelewa. Idara zetu za chuo kikuu zianze na hilo.